MISHAKIKI YA KUKU YA KUPAKA ROJO: SOMO TULILOLICHUKUA DODOMA



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za miche, za kupalilia, za majamvi na za mizani. Leo twaomba ruhusa yenu tulete somo la jikoni. Asiseme mtu kwamba Katibu amekosa la kuandika. Somo hili lina fedha ndani yake, na lina afya za watu ndani yake, na kwa vyote viwili Chama kina haki ya kusema neno.

Sababu ni hii. Mkarafuu, kama kila mmoja wetu ajuavyo, hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja matawi huinama kwa mzigo, na mwaka unaofuata mtu huzunguka shamba zima akarudi na pakacha halijajaa. Katika miaka hiyo midogo ndipo wanachama, na hasa akina mama, hutafuta njia ya kupata chochote bila ya kukopa juu ya karafuu ambazo bado hazijatoka mtini. Wengine hupika maandazi, wengine huuza urojo, na siku hizi wako walioanza kuchoma mishakiki ya kuku jioni, penye watu. Mishakiki ya nyama ya ng'ombe twaijua tangu kwa babu zetu, na katika hiyo hatuhitaji mwalimu. Ya kuku ni jambo jingine. Na ya kuku iliyopakwa asali ni jambo jingine zaidi, maana aghlabu hutoka nje nyeusi kama mpingo na ndani bado mbichi. Mteja akiila mara moja harudi. Akiugua, basi haharibikiwi muuzaji mmoja tu, bali meza zote zilizo jirani naye.

Tuliokwenda Dodoma kwa maonyesho ya Nanenane, katika viwanja vya Nzuguni, tulikula kuku wa kuchoma karibu kila jioni, wala hatukukutana na aliyeungua. Tukaona si vyema kula tu tukarudi. Tulisimama pembeni ya seredani za watu, tukauliza, na wao hawakutunyima. Haya tuyaandikayo ni yale tuliyoyaona huko, pamoja na sababu zake, maana mtu akijua sababu hahitaji kukariri.

Kwanza maneno mawili juu ya nchi yenyewe, kwa ajili ya wale ambao hawajafika. Dodoma iko juu ya uwanda wa katikati ya Bara, kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 1973 ilichaguliwa kuwa makao makuu, na tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa kweli, mji umejaa watu wa kila pahala. Wapemba na Waunguja wamo. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme yatoka Dar es Salaam na kufika huko kabla ya muda wa saa nne kwisha. Lakini ukitoka mjini kidogo tu nchi ni ile ile ya Wagogo: ardhi nyekundu, mibuyu, migunga na upepo. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 570, ambayo huku kwetu masika peke yake huweza kuipita. Kwa ajili hiyo hawalimi tulimavyo sisi. Wao wana mtama na uwele, karanga, alizeti, na zabibu ambazo kwa wengi wetu ni tunda la kuletwa kwa sanduku. Upande wa magharibi, Manyoni na Itigi, yako mapori ya nyuki na asali yake ni nzuri sana. Na kuku wa Singida na Dodoma wanasifika hadi Dar es Salaam, ambako hupelekwa kwa matenga.

Basi tazameni: kuku, asali, mafuta ya alizeti, zabibu, ukwaju wa porini na makaa ya mti mgumu. Vyote vinavyohitajika kwa chakula hiki viko pahala pamoja. Wao husema "mkaa" pale sisi tusemapo "makaa", husema "jiko" kwa seredani, na husema "mishikaki", ilhali sisi husema mishakiki. Ndugu zetu walioko Oman wana "mishkak" yao, nayo huchomwa kando ya barabara vile vile. Jina limetembea na chakula kimetembea nalo.

Sasa tuingie katika somo lenyewe, na tuanze na jambo ambalo ndilo shina la makosa yote, nalo ni asali.

Asali, ukiipima, sehemu nane katika kumi ni sukari. Katika sukari hizo, iliyo nyingi kuliko zote ni ile iitwayo fruktosi, ambayo huanza kubadilika rangi kwa joto la nyuzi 110 hivi. Sukari ya dukani huvumilia zaidi, mpaka nyuzi 160 au karibu yake. Makaa yaliyoshika moto vyema hupita nyuzi 500, na juu ya wavu joto ni kubwa mara mbili na zaidi ya lile liwezalo kuvumiliwa na asali. Sasa mpishi achukuaye nyama mbichi, akaichovya katika asali, akaiweka juu ya moto, anataka mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja. Nyama ya kuku yataka dakika kumi au zaidi ipate kuiva hata ndani. Asali yataka dakika tatu au nne ipate kuwa nyekundu yenye kung'aa, na baada ya hapo huwa nyeusi na chungu. Mpishi aonapo weusi huiepua upesi, akidhani imeiva. Hapo ndipo ubichi wa ndani unapotoka.

Kuku wa kupaka wa kwetu haleti shida hii, na ndiyo maana wengi wetu hudanganyika. Rojo la kuku wa kupaka ni tui la nazi. Lina maji mengi na mafuta, na sukari yake ni kidogo. Hulinda nyama badala ya kuungua. Mtu aliyezoea tui akashika asali kwa mkono ule ule ataunguza.

Mama mmoja wa Kigogo, mwenye meza yake karibu na stendi, tulimwuliza siri ni nini. Alitucheka kidogo, kisha akatuambia kwamba nyama hupikwa uchi, na ikiisha kuiva ndipo huvikwa nguo. Hatujapata maelezo mafupi kuliko haya, wala yaliyo bora zaidi. Wajapani, ambao wana mishakiki yao ya kuku iitwayo yakitori, hufanya vivyo hivyo: huichoma kwanza, na rojo lao tamu la soya na sukari hulipaka karibu na mwisho, mara mbili au tatu. Watu wawili wasiojuana, mmoja Dodoma na mmoja Tokyo, wamefundishwa na moto mmoja.

Juu ya nyama. Kuku ni wa namna mbili, na kila namna yataka njia yake. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Nyama yake ni laini na yaweza kwenda motoni moja kwa moja. Kuku wa kienyeji amekwenda kwa miguu yake miezi mitano, sita, au mwaka, na nyama yake imekaza. Utamu wake ni mkubwa zaidi, hatubishani katika hilo, lakini ukimkata vipande ukampeleka motoni akiwa mbichi utakula mpira. Tuliowaona Dodoma humchemsha kwanza kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, kwa moto mdogo, dakika 40 au zaidi kwa kuku mchanga, na jogoo mzee apita saa nzima. Huko juu maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo chungu chao huchelewa. Huku kwetu pwani muda utapungua kidogo. Kuku aepuliwe akiwa amelainika lakini bado hajaachana na mifupa. Apoe, akatwe, atungwe. Mchuzi wake usimwagwe: nusu utaingia katika rojo na nusu ni supu ya kuuza asubuhi.

Wako wanaolainisha kwa papai bichi, kama tufanyavyo kwa ng'ombe. Yafaa, lakini kwa kuku iwe kijiko kimoja tu kwa kilo, na kwa nusu saa. Ukiiacha usiku kucha nyama hugeuka uji na haishiki kijitini.

Mapaja ni bora kuliko kidari kwa kazi hii. Yana mafuta kidogo ndani yake na husamehe moto ukizidi dakika mbili. Kidari hakisamehi, hukauka mara. Ikiwa huna budi kutumia vyote viwili, usivitunge katika kijiti kimoja, maana haviivi pamoja. Vipande viwe sawasawa, kila kimoja kiasi cha gramu 25, yaani kama bonge la dole gumba la mtu mzima. Kipande kidogo kando ya kikubwa ni kama karafuu kavu na mbichi katika jamvi moja: huwezi kuviondoa pamoja bila ya kuharibu kimoja. Kuku mmoja aliyechinjwa na kusafishwa, mwenye kilo moja, hutoa kama nusu kilo ya nyama bila ya mifupa. Hivyo ni vipande 20, na kwa vipande vitano kila kijiti ni mishakiki minne. Mwenye kutaka kufanya biashara aishike hesabu hii, tutairudia.

Vijiti vya mwanzi virowekwe majini nusu saa visishike moto. Tumewaona watu wakitumia spoku za baiskeli. Hatulipendi jambo hili. Spoku zimepakwa madini kwa ajili ya kutu, hazikutengenezwa kwa chakula. Vyuma vya mishakiki vyapatikana, na huoshwa vikatumika miaka.

Sasa rojo. Tunatoa kipimo cha kilo mbili za nyama, nanyi mtapunguza au kuzidisha. Chukueni ukwaju uliorojwa na kuchujwa, kikombe kimoja. Asali nusu kikombe. Supu ya kuku nusu kikombe. Mafuta ya alizeti vijiko vitatu vikubwa. Kitunguu saumu kilichopondwa na tangawizi, kijiko kimoja kimoja. Chumvi kijiko kidogo. Pilipili kwa hiari yenu. Na karafuu sita zilizosagwa. Vyote, isipokuwa asali, viingie sufuriani vichemke kwa moto wa wastani mpaka vipungue kiasi cha nusu. Kisha tieni asali, koroga, ichemke dakika mbili tatu, epua. Rojo lililo tayari hushika mgongo wa kijiko, na ukipitisha kidole pale njia yake hubaki wazi. Likiwa jepesi litadondokea makaani lote na utakuwa umelisha moto. Likiwa zito mno litaganda juu ya nyama kama lami.

Hapa Mzee mmoja wa Kamati alituuliza, tulipomsomea: "Karafuu sita tu, nyie ni wanachama wa Chama gani?" Kicheko kilikuwa kikubwa. Lakini jawabu ni kweli. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni yujenoli, dawa ile ile ambayo daktari wa meno huitumia kutia ganzi. Karafuu zikizidi ulimi hufa ganzi, na mteja asiyehisi ladha hatajua amekula nini. Zaidi ya hayo unga wa karafuu ukiunguzwa huwa mchungu, kwa hiyo usinyunyizwe juu ya nyama iliyoko motoni. Mahali pake ni ndani ya rojo, mapema, upate kuchemka nalo. Karafuu sita zilizokauka vyema, zenye vichwa vyake, zina nguvu kuliko kumi na mbili za mpeta zilizolala ghalani. Huko Dodoma wengi hawatii karafuu hata moja. Hilo ni letu sisi, nalo laweza kuwa alama ya meza ya mwanachama, mteja akajua kwa harufu tangu mbali.

Asiye na asali anaweza kutumia asali ya tende, ambayo huku kwetu haikosekani. Wao wana zabibu, ambazo huvunwa mara mbili kwa mwaka, na Makutupora, kaskazini mwa mji, kuna kituo cha utafiti wa zao hilo. Maji ya zabibu yakichemshwa siku ile ile yalipokamuliwa, mpaka ibaki robo, huwa asali nyeusi, tamu na chachu kwa pamoja. Ukiwa nayo punguza ukwaju. Mwanachama mmoja aliona shaka, kwa kuwa zabibu za Dodoma zinajulikana zaidi kwa mvinyo. Maji mabichi ya zabibu yaliyochemshwa kabla ya kuchacha hayana ulevi, hayapitani na asali ya tende. Lakini usinunue yaliyokaa chupani kwa mtu usiyemjua.

Moto. Dodoma kuna upepo, hasa kati ya mwezi wa Juni na Septemba, na wachomaji wa huko huweka seredani zao nyuma ya bati au ukuta. Upepo hula makaa na huivisha upande mmoja. Huku kwetu, ufukweni, shida ni hiyo hiyo, na bati moja la kukinga laokoa robo ya gunia. Makaa ya migunga ni magumu, huchelewa kushika na huchelewa kwisha. Sisi tuna makaa ya vifuu vya nazi, yenye moto mkali na moshi kidogo, na twayasifu kwa kazi hii, maana hayadai mti kukatwa. Mikoko tuiache baharini. Na mkarafuu ulio hai haukatwi bila ya kibali, hilo halihitaji kukumbushwa.

Makaa yasitandazwe sawa. Yarundikwe upande mmoja, na upande wa pili yawe machache, ili upate moto mkali na moto mpole katika seredani moja. Nyama isiwekwe mpaka makaa yamevaa majivu meupe na ndimi za moto zimekwisha. Ukitaka kujua joto, weka kiganja shibiri moja juu ya wavu ukahesabu polepole. Ukishindwa kufika nne, huo ni moto mkali. Ukifika sita au saba, huo ni moto mpole. Wachomaji wazoefu hawahesabu, lakini sisi wanafunzi tuhesabu.

Mishakiki yaanzia upande wa moto mkali, imepakwa mafuta na chumvi tu, dakika mbili kila upande, ipate rangi. Kisha ihamishwe upande wa moto mpole, ikigeuzwa mara kwa mara, dakika sita hadi nane. Ya kuku wa kienyeji aliyekwisha chemshwa yahitaji nusu ya muda huo, lakini na yeye lazima apate moto mpaka ndani. Hapo ndipo rojo lije. Lipakwe jembamba, geuza, paka tena, geuza, paka mara ya tatu. Kila mkono wa rojo upewe dakika moja na nusu, ukauke kidogo kabla ya mwingine. Mikono mitatu myembamba hung'aa. Mkono mmoja mnene hudondoka na kuungua. Kwa burashi, bua la mchaichai lililopondwa ncha latosha, na hutia harufu yake.

Mafuta yakidondoka na ndimi za moto zikapanda, usimwagie maji, maana majivu yataruka yakakaa juu ya nyama. Isogeze mishakiki, funika kwa sinia kidogo, moto utashuka. Moshi mweusi wa mafuta yanayoungua haufai kwa mlaji, na masizi yake yasifichwe kwa rojo.

Kuiva kwa kuku si jambo la kukisia. Joto la ndani litakiwalo ni nyuzi 74. Kipimajoto cha nyama ni kitu kidogo, na twaonelea kila kikundi kichomacho kwa biashara kinunue kimoja kwa shirika. Asiye nacho akate kipande kilicho kinene kuliko vyote, katikati. Maji yake yawe maangavu, na nyama iwe nyeupe hata kwenye moyo wake. Ikiwa ina uwekundu na utelezi, irudi motoni. Wala rangi ya nje isiaminiwe, hasa baada ya kupakwa, kwa sababu rojo huficha kila kitu.

Twalisisitiza hili kwa kuwa kuku mbichi hubeba vijidudu, salmonela na kampilobakta ndiyo vinavyotajwa zaidi, navyo huleta kuhara na homa, na kwa mtoto mdogo au mzee vyaweza kuleta msiba. Kumwosha kuku kwa ndimu, kama tufanyavyo sote, ni usafi na huondoa shombo, lakini hakuui vijidudu hivyo. Na maji yanayoruka huvipeleka kwenye kachumbari iliyo karibu. Moto ndio uuao. Kwa hiyo bakuli la nyama mbichi na sinia ya nyama iliyoiva zisiwe moja. Burashi iliyogusa nyama mbichi isirudi katika rojo la kupaka mwisho. Gaweni rojo mafungu mawili tangu mwanzo, la motoni na la kumiminia mezani. Nyama mbichi isikae nje ya barafu zaidi ya saa mbili, na penye jua kali isipite saa moja. Tumeona beseni za nyama chini ya jua la alasiri zikingojea wateja wa magharibi. Huo ni muda wa saa nne. Twaomba jambo hili likome.

Tukiwa hapo hapo: kuku aliyekufa kwa kideri au kwa jambo lisilojulikana haingii jikoni, si kwa sheria ya dini wala si kwa ya afya. Mfugaji apataye hasara hiyo mara kwa mara aulize juu ya chanjo ya matone ya jicho, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ni rahisi kuliko kuku mmoja.

Sasa turudi kwenye hesabu. Mwenye meza awe na daftari, kama tulivyo na daftari za wachumaji. Kila jioni aandike bei ya kuku, ya makaa, ya asali na viungo, ya vijiti na ya barafu, ajumlishe, kisha agawe kwa idadi ya mishakiki. Kuku kumi wa kilo moja moja ni mishakiki 40. Ikiungua sita, umebaki na 34, lakini gharama ni ile ile ya 40. Ndipo utakapoona kwamba kuunguza si aibu tu: mishakiki sita katika 40 huenda ndiyo faida yote ya usiku ule. Tumewahi kuona mtu akipandisha bei kufidia iliyoungua. Wateja wakahamia meza ya pili, ambako bei ni chini kwa sababu hakuna kilichoungua.

Jambo la mwisho tulilitaja katika mkutano, nasi twalirudia hapa kwa wale wasiohudhuria, hasa wazazi wenye vijana wafanyao kazi Dodoma. Usiku wa Juni na Julai huko ni wa baridi kwa mtu wa pwani, huweza kushuka hata nyuzi 13. Kijana akimaliza kuchoma, makaa bado mekundu, huona ni hasara kuyaacha nje, akaingiza seredani chumbani ajiotee na kufunga dirisha. Makaa yasiyotoa moshi hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Mtu huona usingizi tu, na usingizi huo huenda asiamke. Karibu kila msimu wa baridi husikika habari ya watu waliokufa hivyo Bara. Mpigieni simu kijana wenu mumwambie. Blanketi la pili ni rahisi.

Makaa yaliyobaki yatiwe katika debe lenye kifuniko kizito, nje, yafunikwe yasipate hewa. Yatazima kwa kukosa pumzi na asubuhi yako kavu, tayari kwa jioni. Yakizimwa kwa maji hulowa, na kesho yake utayaanika kama karafuu kabla ya kuwaka. Kikundi chochote kitakachotaka kuonyeshwa kwa vitendo kimpe Karani majina ya watu wasiozidi kumi na wawili, kije na kuku wake wawili, wa kisasa mmoja na wa kienyeji mmoja. Makaa ya vifuu na karafuu sita zitatolewa na Chama.